Sufuria Mbili za Nyakerario

Moyo wa Gekara ulikuwa mali ya kijiji kizima. Kuanzia siku ile alipoanguka mbele ya boila ya kiwanda cha majani chai, mkono umeshika kifua na jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo, hakuna mtu kutoka mlima ule hadi soko la Roret ambaye hakuujua huo moyo. Watu wakikutana naye njiani hawakumuuliza habari za watoto. Waliuliza, "Na moyo, mzee?" Naye Gekara, ambaye kwa maumbile ni mtu wa kupenda kuulizwa, alisimama, akaegemea fimbo yake, akausimulia moyo kuanzia mwanzo.

Si uongo, aliponea kwa tundu la sindano. Miaka thelathini na moja alikuwa akilisha boila kuni za mkaratusi, sigara haibanduki mdomoni, chai yake ina sukari vijiko vinne na nyama yake ina mafuta ya kuganda juu. Daktari alimketisha akamwambia: sigara basi, mafuta basi, sukari ipungue, chumvi ipungue mpaka aisahau, atembee kila siku, na dawa asiruke hata siku moja. Gekara aliyasikiliza maneno hayo kwa utulivu mkubwa, kwa sababu hakukusudia kutii hata moja. Lakini nyuma ya kiti chake alikuwa amesimama mkewe, Nyakerario, mwenye kubeba mkoba, na huyo alikusudia kuyatii yote.

Haki, aliuchukua moyo wa mumewe kama kazi ya kuandikwa. Siku hiyohiyo walipotoka hospitalini alitafuta sigara zote nyumbani, za kwenye koti na za chini ya godoro, akazipeleka nyuma ya nyumba. Gekara alipouliza ziko wapi, alijibiwa, "Ziko chooni. Ukizitaka, ingia." Dawa alimpa mwenyewe kwa mkono wake na akasubiri kuona koo linapanda na kushuka. Kila asubuhi umande ukipungua, alimtoa nje wakapanda kilima mpaka kituo cha kupimia majani na kurudi. Mwanzoni alikuwa akitangulia mbele na kumkemea nyuma. "Panda, Baba Sellah! Huo mguu umeajiriwa na nani?"

Na chakula je? Hapo ndipo alipoanzisha sufuria mbili. Sufuria ndogo ilikuwa ya mzee: mboga za managu au saga, zilizochemshwa na nyanya na kitunguu, bila chumvi, bila mafuta, bila furaha. Sufuria kubwa ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo alipika alivyofundishwa na mama yake huko Nyamira, magadi ya kulainisha mboga, chumvi ya kutosha, mafuta ya kuganda kijiko kizima. Kwani yeye ana ugonjwa gani? Daktari alimkataza Gekara, hakumkataza Nyakerario.

Kosa lilikuwa hapo, na simlaumu mtu, maana mlima ule wote ungelikosea vilevile. Kuku akichinjwa, ngozi na mafuta ambayo mzee hakuruhusiwa yalikwenda kwa Nyakerario, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Kiini cha yai, supu yenye macho ya mafuta juu, sukari iliyopunguzwa kwenye kikombe cha mumewe, vyote vilihamia kwake. Kila kilichoonekana kuwa sumu kwa moyo wa Gekara, Nyakerario alikila, akiona amekiokoa. Kila mwezi alimsindikiza kliniki ya presha, akakaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwambia, "Na wewe mama, hebu lete mkono." Wala yeye hakuuleta.

Sasa, ili mnielewe, lazima niseme habari za jikoni. Jiko la Nyakerario ni nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, yenye mlango mmoja na moshi wa miaka thelathini na minne. Gekara hakuwa amewahi kuingia humo kufunua sufuria. Mama yake alimwambia akiwa na miaka minane kwamba mwanamume akifunua sufuria, mafiga yatamcheka, na tangu hapo aliyaogopa mafiga kuliko alivyoogopa polisi. Yeye alikula sebuleni, chini ya kalenda. Mkewe alikula jikoni, kwenye kigoda. Kwamba walikuwa wanakula vyakula tofauti halikuwa jambo la ajabu, maana hata walipokula kimoja hawakuonana wakila.

Lakini chumvi ni kitu kibaya kukikosa. Mwaka wa kwanza Gekara alivumilia. Mwaka wa pili alilalamika. Mwaka wa tatu, mwezi wa pili, ikawa anaketi sebuleni mbele ya mboga zake zilizopoa, na harufu ya sufuria kubwa inatoka jikoni, inapita dirishani, inamkuta alipo. Akameza mate. Akamfikiria mama yake. Akayafikiria mafiga. Halafu akasema kwa sauti, peke yake, "Basi yacheke."

Siku za lori la kiwanda kuja kuchukua majani zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku hizo Nyakerario alipika sufuria zote mbili asubuhi na mapema, akala kidogo, akamwekea mzee chakula chake mezani kimefunikwa sahani, kisha akajitwika kikapu na kuingia kwenye chai yao mpaka mchana. Jumanne hiyo Gekara alimwangalia mpaka kitambaa chake chekundu kikapotea kati ya mistari ya majani. Akazunguka nyuma ya nyumba kwa unyenyekevu, kama mtu anayekwenda chooni. Akaingia jikoni. Akafunua.

Yaye! Alikula miiko mitatu amesimama, macho yamefumbwa. Mafiga hayakusema kitu. Akasawazisha mboga kwa mgongo wa mwiko ili shimo lisionekane, akafunika, akatoka akipangusa midomo, na siku nzima alikuwa mpole hata Nyakerario akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Akarudia Alhamisi, na Jumamosi, na wiki iliyofuata. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Gekara zilikaribia sitini bila kushikwa, na mwenyewe alianza kujiona fundi. Ila mwizi huwa ana shida moja. Anaijua nyumba kuliko mwenye nyumba. Wiki za kwanza, alipofunua sufuria alikuta shimo, mahali Nyakerario alipochota chakula chake cha asubuhi. Alilijua shimo hilo, na alichota pembeni yake ili yeye asishukiwe. Halafu mwezi wa nne ukafika, mvua za mchana zikakolea, na shimo likaanza kuwa dogo. Jumanne moja halikuwepo kabisa. Mboga zilikuwa sawa juu, jinsi zilivyoivia.

Kwanza, na ni aibu kulisema, alifurahi. Zaidi kwake! Alhamisi tena, hakuna shimo. Jumamosi vilevile. Na hapo akakumbuka jambo jingine: mbwa wa jirani yao Kipngetich alikuwa amenona ghafla, na kila jioni alikuwa amelala kwenye mlango wa jiko la Nyakerario kama mpangaji.

Gekara aliweka mwiko chini bila kula. Alikuwa mtu wa boila. Katika maisha yake alijua jambo moja kwa uhakika, kwamba boila isipokula kuni, mvuke unashuka, na mvuke ukishuka kiwanda chote kinasimama. Akakaa kwenye kigoda cha mkewe, mara yake ya kwanza kukikalia, akaanza kuhesabu mambo ambayo aliyaona akayaacha yapite. Mkewe alikuwa analala ameegemea mito miwili, akisema ni kiungulia. Taya lilikuwa linamuuma, akasema ni jino. Mgongo, kati ya mabega, akasema ni kikapu, na nani atabishana na mchuma chai anayesema mgongo unamuuma? Na kule kilimani, asubuhi zao za kutembea! Siku hizi hakutangulia. Alisimama kila baada ya hatua ishirini akasema, "Pumzika kidogo, mzee, usije ukauchosha moyo." Gekara alipumzika kwa shukrani, akiona jinsi anavyohurumiwa. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akihema.

Mtu mwenye akili angelipiga mbio siku hiyohiyo. Gekara alikaa na jambo hilo siku tatu, na siku hizo tatu zinamchoma mpaka leo. Aseme nini? Akisema, "Huli," ataulizwa, "Umejuaje?" Na akijibu hilo swali, miaka mitatu ya kubembelezwa, ya kupikiwa kando, ya kushikwa paji la uso, itakuwa imelipwa kwa wizi. Alimwonea mkewe haya kuliko alivyomwogopa. Jumapili jioni alijaribu kwa mbali.

"Mama Sellah, umekula?"

Nyakerario alimgeukia kana kwamba ukuta umemsalimu. "Tangu lini unaniuliza?"

"Nauliza tu."

"Nimekula."

Gekara alijua huo ni uongo, na alijua kwamba mwenye kuujua ni mwongo zaidi. Waongo wawili wakanywa chai yao, mmoja na kijiko kidogo cha sukari na mwingine hata hakuimaliza.

Jumanne Nyakerario aliingia kwenye chai kama kawaida. Gekara alimwangalia kutoka uani. Kitambaa chekundu kilikwenda mistari miwili, kikasimama. Kikaenda tena, kikainama, kikakaa hapo muda mrefu. Gekara akakata shauri. Akirudi mchana, atamwambia. Lakini kwanza aende aangalie sufuria, apate hakika, na, niseme ukweli wote, alichukua mwiko, kwa sababu mazoea yana taabu.

Alikuwa amefunua, hakuna shimo, na mdomo wake una mboga, aliposikia viatu vya plastiki vikija uani. Saa nne bado haijafika! Mtu wa miaka sitini na miwili, babu wa watoto watatu, akajibanza nyuma ya rundo la kuni, mwiko mkononi.

Nyakerario aliingia bila kikapu. Hakuangalia huku wala huku. Alishika ukuta, akajishusha kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye taya na mwingine tumboni, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, unang'aa kwa jasho ilhali asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Alihema kwa kinywa, pumzi fupifupi. Kisha akanena, polepole, kama anayeongea na mtu aliye karibu.

"Mungu, si leo. Huyu mzee nani atampikia bila chumvi?"

Gekara alitoka nyuma ya kuni. Hakupanga kutoka, miguu ilitoka yenyewe. Nyakerario aliinua macho, akamwona mumewe katikati ya jiko, mboga kidevuni.

"Unafanya nini jikoni kwangu?"

"Naiba."

"Unaiba nini?"

"Chumvi. Tangu mwezi wa pili." Akaonyesha sufuria kwa mwiko. "Lakini sufuria yako imejaa, Nyakerario. Kila siku imejaa. Huli. Kwa nini huli?"

Alikuwa hajamwita kwa jina tangu Sellah, kifungua mimba wao, azaliwe. Nyakerario alifungua mdomo amgombeze, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akajikuta anajieleza. "Ni vidonda vya tumbo," akasema. "Na huu mgongo. Itapita."

"Mimi nilisema itapita, nikaanguka kwa boila."

"Wewe ulishika kifua. Mimi kifua hakiumi. Ni kama kuna mtu amekikalia tu."

Gekara hakungoja zaidi. Alitoka, na Nyakerario, rangi ya majivu vile alivyokuwa, akapata nguvu ya kupaza sauti nyuma yake, "Usikimbie! Baba Sellah! Moyo!"

Alikimbia. Alikimbia kama kijana anayefuatwa na nyuki, akaruka ua wa Kipngetich badala ya kuuzunguka, na akamkuta jirani yake anaosha makopo ya maziwa kando ya pikapu. Kipngetich ni mtu wa maneno machache. Alimtazama Gekara, akaona mwiko bado uko mkononi, akatupa makopo chini na kuwasha gari. "Ni moyo, mzee?"

"Ni moyo," akasema Gekara, "lakini si wangu."

Njiani Nyakerario alikaa katikati yao, mkoba mapajani, akiulalamikia muda unaopotea na majani aliyoyaacha kikapuni yatakayonyauka. Mkoba hakukubali kuuacha, maana ndani mlikuwa na kitabu cha kliniki. Na ndivyo ilivyokuwa kwamba walipofika hospitalini, kwa mazoea ya miaka mitatu, alikitoa kitabu akampa muuguzi, na muuguzi akasoma jina, akasema, "Gekara, keti hapa," na akaanza kumfunga Gekara ule mkanda wa presha mkononi. Gekara mwenyewe alikuwa amekwisha kunja mkono wa shati. Mazoea, jamani! Ulipoanza kujaa hewa ndipo alipozinduka, akauvuta na kuung'oa.

"Si mimi! Mimi mzima! Mgonjwa ni huyu mwenye mkoba!"

Muuguzi aliufunga mkanda kwenye mkono wa Nyakerario. Alisoma namba, akasoma tena, akaondoka haraka, na akarudi na daktari mwanamke kijana, Beverly Apiyo, mtu wa kutoka upande wa ziwani, mwenye sauti ya taratibu. Nyakerario alipewa vidonge vya kutafuna, akalazwa, akabandikwa nyaya kifuani. Daktari aliitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine kwa muda, kisha akamtazama Gekara.

"Mzee, mkeo ana mshtuko wa moyo. Na si leo tu. Moyo umekuwa ukilalamika wiki nyingi."

"Lakini hakushika kifua," akasema Gekara, kama mtu anayejitetea kortini.

"Wengi hushika, wake kwa waume. Lakini wanawake wengine hawapati ule uchungu wa kifua unaoujua wewe. Wanachoka, chakula kinawakinaisha, wanaishiwa pumzi, taya linauma, mgongo unauma. Wanasema ni kazi. Na nyumba nzima inakubali kwamba ni kazi." Akamgeukia mgonjwa. "Mama, kuna mimba yoyote uliyovimba miguu, presha ikapanda?"

"Ya kitindamimba. Zack. Karibu nife," akasema Nyakerario. "Lakini ilipita."

"Ulipaswa kupimwa kila mwaka tangu hapo. Presha ya mimba ikipita huacha alama njiani. Nani amewahi kukwambia?"

Hakuna aliyewahi. Daktari akauliza mengine. Chumvi? Nyingi. Magadi? Kila siku. Hayo nayo ni chumvi kwa moyo, mama. Moshi wa kuni? Miaka thelathini na minne, mlango mmoja. Sigara? "Mimi sijawahi kuonja!" akasema Nyakerario kwa hasira, na Gekara akatazama sakafu, kwa sababu alikumbuka chumba chao cha kulala, dirisha limefungwa kwa baridi ya Kericho, na yeye anavuta ya mwisho ya siku, kila siku, na mkewe amelala ubavuni. Na mafuta? Nyakerario alieleza habari za ngozi ya kuku na kiini cha yai, jinsi alivyomlinda mzee asivile. Daktari aliacha kuandika.

"Kwa hiyo kila nilichomkataza yeye, umekila wewe."

"Kingetupwa," akasema Nyakerario.

Hapo Gekara alianza kulia. Alilia mbele ya muuguzi na daktari na mlango ulio wazi, bila kujificha, mtu mzima na koti lake. Nyakerario alimtazama, akanyoosha mkono wenye sindano, akamshika kidole. "Nyamaza. Utapandisha presha."

Nyakerario alikaa hospitalini siku tisa. Daktari hakuficha: sehemu ya moyo ilikuwa imeumia na haitarudi, iliyobaki itabebwa kwa dawa, kwa kutembea kidogo kidogo, na kwa kula. "Asipokula, dawa peke yake hazitatosha," alimwambia Gekara kando. "Huko nyumbani ndiko atakakopona au asipone." Sellah alikuja kutoka Nakuru, akataka kumchukua mamake akakae naye. Gekara alikataa. "Nina kazi yangu hapa," akasema, na hakueleza kazi gani.

Siku ya sita mgonjwa alikuwa ameanza kupata rangi. Alimtazama mumewe, aliyekuwa kwenye kiti amesinzia, akamwita.

"Mwizi."

Gekara akafungua jicho moja.

"Ilikuwa tamu?"

Gekara akafikiria kudanganya, akaona amechoka na uongo. "Nyakerario, ilikuwa tamu mpaka nikakumbuka mama yangu."

Mkewe alicheka, akashika ubavu, mashine ikapiga kelele, muuguzi akaja mbio kuwagombeza wote wawili.

Aliporudi nyumbani alikuta mambo. Jiko lilikuwa limetobolewa dirisha, shimo lenyewe limepinda, kazi ya Gekara na Kipngetich. Magadi na mafuta ya kuganda yalikuwa yamepelekwa zilikopelekwa sigara. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi juu ya ghala. Na kando ya kigoda chake kulikuwa na kiti cha sebuleni, kile cha chini ya kalenda, na juu ya kiti mumewe, ameshika mwiko kama anayekoroga boila.

"Hapana," akasema Nyakerario. "Watu wataniona mimi ni mwanamke gani?"

"Watakuona mzima."

Watu walisema, msidhani hawakusema. Pale kituo cha majani mmoja aliuliza kwa sauti ni dawa gani Gekara amelishwa, nao wanawake wakacheka mpaka wakashika mizani. Gekara alisimama, akaegemea fimbo, akawaeleza. Lakini sasa hakusimulia moyo wake. Alisema, "Wewe Jentrix, mgongo wako unauma tangu lini? Na presha yako ni ngapi? Hujui? Unajua ya mume wako?" Jentrix aliijua ya mumewe mpaka namba ya chini. Kicheko kikaisha polepole. Alhamisi iliyofuata wanawake wanne wa mlima ule walikwenda kliniki, na hawakukaa benchi la nje.

Lakini nyumbani hakukuwa na ushindi bado. Ugali wa Gekara wa kwanza ulikuwa na madonge, na managu yake, bila chumvi, bila magadi, yalikuwa machungu kama maneno ya mkwe. Nyakerario alionja tonge moja, mawili, akaweka chini. Gekara akayala yaliyobaki, akimtazama. Kesho yake matonge matatu. Siku iliyofuata moja. Wiki mbili nzima ilikuwa hivyo. Gekara alimpigia Sellah simu akiuliza: kitunguu kinaungwa vipi bila mafuta mengi? Ndimu inatiwa lini? Maziwa je? Akachemsha saga kwa maziwa jinsi alivyokumbuka kwa nyanyake, akamwaga maji ya kwanza ili uchungu utoke, akakamua ndimu. Kila asubuhi alimtembeza mkewe hatua ishirini, wakasimama, na sasa alisema ukweli: "Pumzika, Mama Sellah. Ni moyo wako." Usiku ulipoingia alilala akisikiliza pumzi zake, na akimwomba Mungu kwa maneno yaleyale aliyoyasikia jikoni, ila mwisho wake ulibadilika: nani atanigombeza?

Jumamosi moja, siku ya lori, Gekara alipeleka majani kituoni mwenyewe. Alikuwa ameacha sufuria ndogo jikoni, ya wote wawili, imefunikwa, na mkewe amekaa nje kwenye jua na blanketi miguuni. Foleni ilikuwa ndefu, mizani iligoma, mvua ikatishia, na njia yote ya kurudi alijilaumu kwa kuchelewa, akijua atakuta mboga zilezile, sawa juu, zimepoa, na mbwa wa Kipngetich mlangoni.

Mbwa alikuwepo, amekaa, amekasirika.

Gekara aliingia. Alisimama mbele ya sufuria. Akafunua.

Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na jani. Sufuria ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini, na mwiko umelazwa ndani yake, mweupe, safi, kama umelambwa.

"Unatafuta nini humo, mwizi?" Sauti ilitoka nje, kwenye jua. "Nimemaliza. Yako sikukuachia."

Gekara alikaa kwenye kigoda, akaipakata sufuria tupu.

"Baba Sellah? Umesikia? Kesho uongeze ndimu."